E71 yangu ya 2009: niendelee nayo au niiweke kabatini?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Nokia E71 niliyoinunua mwaka 2009 na sijawahi kuiacha. Betri nimeshabadilisha mara mbili. Sasa kava la nyuma halifungi vizuri, herufi A inabidi niibonyeze mpaka kucha inauma, barua pepe zimekataa kabisa kuingia, na kila tovuti ninayofungua inaniambia cheti hakiaminiki. Wanangu wananicheka, lakini mimi kuandika kwenye kioo siwezi, vidole vinateleza. Humo ndani kuna meseji za miaka yote hiyo, nyingine za mama yangu ambaye hayupo tena. Simu hii inatengenezeka au ndiyo nimefika mwisho? Meseji nitaziokoaje? Na je, nitafute E71 nyingine ya spea?

Jibu: Nzuri, dada yangu. Umeuliza mengi kwa mpigo, lakini lile ulilolitaja kwa kupita tu ndilo linalonitia wasiwasi: kava halifungi. Kava la E71 ni la chuma, halijikunji kwa uzee. Likikataa kufunga, basi kuna kitu kinalisukuma kutoka ndani, na hapo ndani hakuna cha kulisukuma zaidi ya betri.

Kabla hujaendelea kusoma, zima simu, toa betri, ilaze juu ya kioo au meza iliyo laini, kisha uisukume pembeni kwa kidole kimoja. Betri nzima hukwama palepale, maana tumbo lake lote limelala mezani. Iliyovimba huzunguka kama pia. Hata ikizunguka mara moja tu, hukumu imeshatoka.

Kinachoivimbisha ni gesi. Majimaji yaliyo kati ya tabaka za betri ya lithiamu huchakaa polepole, na yakichakaa hutoa gesi isiyo na pa kutokea. Joto huharakisha jambo hilo, na kuiacha kwenye chaja usiku kucha wakati imeshajaa nako huchangia. Usiitoboe ili kuitoa upepo (nimewahi kuona mtu mzima akifanya hivyo kwa pini, na moshi aliouvuta hatausahau), usiikandamize ili kava lifunge, wala usiichaji mara moja ya mwisho eti uokoe meseji kwanza. Meseji hazikai kwenye betri. Iweke kwenye kopo la bati mbali na vitu vinavyoshika moto, na uipeleke panapopokelewa taka za betri.

Sasa ya kuweka badala yake. Jina lake ni BP-4L, volti 3.7, mAh 1500 (kipimo cha umeme inaoweza kubeba). Nokia iliitumia betri hiyo hiyo kwenye E63, E72, E90 na N97, kwa hiyo zilitengenezwa nyingi mno, na mpaka leo kuna watu wanaouza zilizofungwa bado kwenye pakiti zake za kiwandani. Wengi wakiona neno "orijino" hukimbilia. Mimi nakuambia ziache. Betri ya lithiamu huzeeka hata isipoguswa. Iliyotoka kiwandani mwaka 2010 itaingia kwenye simu, itachaji, itaonyesha vijiti vyote saba, na ukipigiwa simu ya kwanza itazima. Sababu ni kwamba redio ya GSM, yaani sehemu ya simu inayowasiliana na mnara, haivuti umeme kwa utulivu. Huvuta kwa mapigo makali, na betri iliyokaukia ndani haiwezi kulitoa pigo hilo bila volti kuporomoka. Simu inaona volti zimeshuka, inajizima kwa adabu zake. Ukiiwasha tena inasema imejaa, nawe unadhani simu ndiyo mbovu.

Tafuta nakala iliyotengenezwa karibuni, yenye tarehe iliyoandikwa juu yake, kutoka kwa mtengenezaji mwenye jina la kulinda. Ukikuta inajinadi mAh 2800 kwenye umbo lilelile, irudishe kwa mwenyewe: unene ni uleule, na muujiza wa kuongeza karibu mara mbili haupo. Na kwa kuwa E71 haichaji kupitia tundu lake la USB hata ukiichomeka siku nzima, chaja yako ya pini nyembamba ya milimita 2 itunze, au nunua waya mfupi wenye USB upande mmoja na pini hiyo upande wa pili. Ukipata waya huo, chaja yoyote ya USB iliyo nzima itakufaa.

Betri mpya ikishaingia na kava likafunga, usiguse kitu kingine. Usianze na herufi A. Anza na meseji za mama.

Naliwekea mkazo hili kwa sababu ya upumbavu wangu mwenyewe. Mwaka 2012 E71 yangu ilianza kuwa nzito, menyu ikifunguka kama inafikiria kwanza. Nikaingiza *#7370#, ikaniuliza namba ya siri, nikaweka 12345 ambayo ndiyo ilitoka nayo kiwandani, nikakaa nikinywa maji nikiisubiri ijifute na kuanza upya. Namba za watu nilikuwa nimezihamishia kwenye kompyuta, picha zilikuwa kwenye memori kadi. Nilichosahau ni daftari. Zile noti fupi unazoandika kwenye simu hukaa kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe, na miaka mitatu ya vipimo, namba za vipuri na maelezo ya kazi ilikwenda kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kwa hiyo mtu yeyote akikuambia "tuifomati tu kwanza", mpokonye simu yako mkononi.

Njia bora ya kuokoa meseji ni programu ya zamani ya Nokia inayoitwa PC Suite. Iliandikwa kwa ajili ya Windows za wakati ule, kwa hiyo kompyuta kuukuu yenye Windows XP au 7 ndiyo rafiki yako. Kwenye mpya mara nyingi utapigana nayo bure. Unganisha kwa waya wa USB, chagua kwenye simu hali ya PC Suite, tengeneza nakala ya akiba, na utapata faili moja lenye mwisho wa .nbu. Faili hilo peke yake halisomeki, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kuna programu ya bure iitwayo NbuExplorer ambayo kazi yake ni hiyo tu: inalifungua faili la .nbu na kukutolea meseji zikiwa maandishi ya kawaida, pamoja na namba, kalenda na vilivyobaki. Ukishayapata maandishi, weka nakala mahali pawili tofauti.

Ukikosa kompyuta ya zamani, unaweza kuzituma meseji moja moja kwenda namba yako nyingine. Zitafika, lakini tarehe na jina la aliyeandika vitapotea, na kwa meseji za mama nadhani tarehe nayo ina thamani yake. Kwa hizo chache unazozijua, fanya jambo moja la kizamani: ifungue meseji, weka simu kwenye kivuli, na uipige picha kwa simu nyingine, kioo na fremu yake ya chuma vyote vionekane. Picha hiyo haihitaji programu yoyote kuisoma, leo wala miaka ishirini ijayo.

Majina na namba ni rahisi zaidi. Fungua orodha ya majina, weka alama yote, chagua kunakili kwenda memori kadi. Kila jina litakuwa faili dogo la vCard. Simu mpya nyingine huyasoma yote kwa mkupuo, nyingine hutaka uyafungue moja moja, na kwa mtu mwenye majina mia sita hiyo ni adhabu. Dawa yake: kwenye kompyuta yaunganishe mafaili yote kuwa faili moja refu, moja likifuata jingine, bila kubadilisha chochote ndani. vCard inaruhusu hivyo.

Haya, sasa herufi A. Ningejua unaandika Kiswahili hata usingeniambia. Mtu anayeandika Kiingereza humaliza E kwanza, maana ndiyo wanayoitumia kuliko zote. Sisi tunaimaliza A. Hesabu mwenyewe ngapi zimo kwenye "nakuja saa hii, andaa chakula". Miaka yote hiyo dole gumba lako la kushoto limekuwa likigonga kona ileile ya kibodi.

Chini ya kila kitufe cha plastiki kuna kibati chembamba cha mviringo, kimebinuka juu kidogo kama kifuniko cha chupa cha kuchezea. Kimebandikwa kwa karatasi ya gundi juu ya saketi. Chini yake kuna nukta ya dhahabu iliyozungukwa na pete ya dhahabu. Ukibonyeza, kibati kinabonyea, kinagusa nukta na pete kwa pamoja, umeme unapita, na ile "tik" unayoisikia ndiyo sauti ya bati likikunjamana. Ukiachia kinarudi. Kuna namna mbili za kufa. Kibati kinachoka na kupoteza mbinuko wake, hapo "tik" hupotea na kitufe huwa kama kimelala usingizi. Au kibati ni kizima na "tik" unaisikia vizuri, lakini herufi haitokei mpaka ukandamize: hapo ni uchafu au kutu juu ya dhahabu. Maelezo yako yanaelekea huku kwa pili, na hiyo ni habari njema.

Kabla fundi yeyote hajaifungua, fanya jaribio moja. Fungua sehemu ya kuandika meseji na ubonyeze vitufe vyote, kimoja kimoja, ukiandika kwenye karatasi vinavyosumbua. Kibodi ya simu haina waya kwa kila kitufe. Vitufe vimepangwa kwa mistari na safu, na simu hujua ulichobonyeza kwa kuangalia mstari upi umekutana na safu ipi. Kwa hiyo A ikisumbua peke yake, tatizo liko chini ya A. Zikisumbua nyingi zinazofuatana kama zimepangwa, tatizo liko kwenye kiunganishi au mstari wa saketi, na kusafisha vibati ni kupoteza muda.

Ikiwa ni A peke yake, kazi yenyewe si kubwa. Inahitaji bisibisi ndogo za nyota ya ncha sita, kipande cha plastiki cha kufungulia, na subira. Chuma kisitumike kubandulia fremu, kitaacha alama utakazoziona kila siku. Karatasi ya vibati inabanduliwa taratibu kutoka kona moja, dhahabu inapanguswa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, inaachwa ikauke, karatasi inarudishwa ikiwa imepangwa sawasawa. Ikipinda hata nusu milimita, umeponya A na kuua S. Petroli hapana, mafuta ya kulainishia hapana, na ile tabia ya kufuta dhahabu kwa kifutio cha penseli naijua na naichukia: inang'arisha leo kwa kula tabaka lililokuwa linazuia kutu, na baada ya miezi michache unarudi palepale ukiwa na hali mbaya zaidi.

Moja niliyoifungua karibuni ilikuwa na A iliyokufa kabisa. Mwenyewe aliapa haijawahi kumwagikiwa na kitu. Chini ya kitufe nilikuta utando wa rangi ya kahawia, unanata, na ndani yake nusu ya unywele na punje tatu za sukari zilizokuwa hazijayeyuka. Sikumwambia kitu. Nilipangusa mara mbili, ikaanza kuandika.

Hapo mwili umekwisha, na uone jinsi ulivyokuwa na madogo. Simu iliyotangazwa Juni 2008, unene milimita 10, gramu 127, bado inadai betri na pamba yenye alkoholi. Shida kubwa ya kukaa na simu kama hii kwa muda mrefu iko kwingine. Ndani ya simu yako kuna vitu vyako na kuna vitu vya kuazima. Kibodi, kioo, kalenda, meseji, kikokotoo, redio ya FM, hivyo ni vyako. Hakuna mtu mbali huko anayeweza kuvizima. Barua pepe, tovuti, ramani za kupakua, duka la programu, mtandao wenyewe, hivyo umeazimwa, na mwenye mali anaweza kuja kuvichukua siku yoyote bila kugonga mlango.

Katika hili E71 ilizaliwa na bahati kuliko wenzake wa kibodi. Simu ya Sidekick ya Marekani ilihifadhi majina na picha za watu kwenye seva za kampuni, na Oktoba 2009 seva zilipoharibika watu waliamka simu zao zikiwa tupu. Nyingi ya data hizo zilikuja kurudishwa, lakini baada ya siku nyingi za roho juu. Simu za Palm zenye webOS zilipoteza akaunti zake Januari 2015 seva zilipozimwa. Na BlackBerry, ambayo ndiyo watu wakisikia neno kibodi huikumbuka, ilizima huduma za simu zake za mfumo wa kale tarehe 4 Januari 2022, na kampuni yenyewe ikaonya kwamba hata kupiga simu na kutuma meseji havitategemewa tena. E71 haikuwa na mama wa kumnyonya namna hiyo. Kila kampuni iliyoiazima kitu ilikichukua kwa wakati wake: duka la Nokia likafungiwa programu mpya na masasisho kuanzia 2014, WhatsApp ikaaga Symbian, mfumo unaoiendesha E71, katikati ya 2017, na kadhalika. Imekufa kidogo kidogo pembeni, moyo ukibaki.

Ndiyo maana tovuti zinakuambia cheti hakiaminiki. Kwanza tazama tarehe ya simu. Betri ikikaa nje muda mrefu saa hurudi nyuma miaka mingi, na kwa simu inayodhani ni 2008 kila cheti cha leo kinaonekana hakijaanza kazi. Ukiiweka tarehe sawa baadhi ya kelele zitapungua. Zitakazobaki hazina dawa. Tovuti salama humwonyesha mgeni kitambulisho chake, na simu hulinganisha saini iliyo juu yake na orodha ya wakubwa inaowaamini, orodha iliyopandwa kiwandani. Wengi wa wakubwa hao vyeti vyao vimekwisha muda, na waliokuja badala yao simu haiwajui. Juu ya hapo kuna suala la lugha. Mtindo wa usimbaji (kuficha mawasiliano yasisomwe na wengine) unaoitwa TLS 1.2 ulichapishwa Agosti 2008, miezi miwili baada ya simu yako kutangazwa. Miezi miwili! Vivinjari vikubwa viliacha mitindo ya kabla yake mwaka 2020, na seva nyingi zikafuata. E71 inabisha hodi kwa lugha ambayo mwenye nyumba ameamua kutoisikia.

Barua pepe ina kufuli la pili. Google, kwa mfano, tangu tarehe 30 Mei 2022 haikubali tena programu inayoingia kwa jina na nywila tupu. Kuna namna ya kutengeneza nywila maalumu kwa ajili ya programu moja, na utasikia watu wakikushauri hivyo. Hata ikikubali, bado utakwama kwenye lugha ile ya usimbaji, na hata ukivuka hapo, sitaki nywila yako ya barua pepe ipite kwenye mlango dhaifu hivyo. Barua pepe ndiyo ufunguo wa kila akaunti uliyonayo. Hapa nakushauri uache bila majuto.

Vivyo hivyo kwa kivinjari. Opera Mini iliziongezea maisha simu hizi kwa sababu ukurasa hufunguliwa kwanza na seva yao, wakausindika ukawa mwepesi, ndipo simu ikaupokea. Ni ujanja mzuri, lakini nao ni wa kuazima, na seva hiyo inakiona unachokisoma. Habari za hali ya hewa sawa, benki hapana. Ukitaka kusakinisha programu yoyote ya Symbian uliyohifadhi zamani na ikakataa kwa kusema cheti kimekwisha muda, rudisha tarehe ya simu mpaka 2010, sakinisha, kisha uirudishe tarehe ya leo siku hiyohiyo. Ukisahau, alamu na kumbukumbu za siku za kuzaliwa zitakuja kukuvuruga akili.

Na mtandao wenyewe. Hili ndilo litakaloamua mwisho wa simu yako kama simu, na halitegemei ulivyoitunza. E71 inajua 2G na 3G tu. 4G haina, na sauti inayopita juu ya 4G haiwezi kuipokea. Marekani kampuni ya AT&T ilifunga 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G Februari 2022. Australia ilimaliza 3G mwishoni mwa 2024, na 2G ilishakwenda kabla. Huko E71 sasa ni saa ya mezani yenye kibodi. Ujerumani walifanya kinyume: 3G ilizimwa mwaka 2021, 2G ikaachwa, kwa hiyo simu kama yako bado hupiga na kupokea. Uliza kampuni yako ya simu swali moja tu: 2G mnaizima lini? Jibu lao ndilo tarehe ya kustaafu. Ikiwa 3G yao imekwisha au ni dhaifu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uchague GSM, yaani 2G, peke yake. Simu itaacha kuhangaika kutafuta 3G, na utaona betri ikikaa.

Siku utakapobadilishiwa laini, watakupa ile ndogo kabisa. Weka kwenye adapta yake, lakini usiiingize adapta tupu kwenye tundu la E71 hata kwa kujaribu. Pini za ndani zitaruka juu kwenye nafasi ya laini, ukiivuta zinakatika, na kurekebisha hapo ni kazi ngumu kuliko A yako mara kumi.

Kwa hiyo ikiwa 2G ipo, jibu langu ni ndiyo, endelea nayo, kwa kupiga, kupokea na kuandika meseji. Kazi hizo bado inazifanya vizuri kuliko simu nyingi mpya, na haikubadilishii "kesho" kuwa neno la Kiingereza ulilokuwa hulijui. Mambo ya pesa, barua pepe na picha yapeleke kwenye simu nyingine, hata kama ni ya bei ya chini, mradi bado inapokea masasisho. Ile namba inayopokea namba za siri za benki isikae kwenye E71: usimbaji wa zamani wa 2G ulionyeshwa hadharani mwaka 2009 kwamba unaweza kuvunjwa. Watoto watacheka, wacha wacheke. Ukija kuchoka kubeba mbili, simu mpya za kibodi zipo: Unihertz hutengeneza Titan zenye vitufe, na tangu 2024 kuna Clicks, kava la iPhone lenye kibodi chini. Sikuahidi kwamba vitufe vyake vitakupa ile "tik" uliyoizoea.

Spea: ndiyo, tafuta moja, lakini usitafute inayowaka. Wauzaji hupandisha thamani ya inayowaka, na hata ukiinunua utaanza kuiogopa kuifungua. Wewe unahitaji iliyokufa, iliyoharibika saketi, ambayo mwili wake ni mzuri. Angalia mambo matatu. Kava la chuma lifunge bila kubanduka. Kioo kisiwe na doa jeusi pembezoni. Na kibodi iwe na mpangilio kama wako, kwa sababu E71 ziliuzwa pia na herufi za Kifaransa na za Kijerumani: soma herufi sita za kwanza kutoka kushoto juu, ziwe Q, W, E, R, T, Y. Kisha bonyeza A yake mara kumi ikiwa imezimwa, ukiwa umeiweka karibu na sikio. Ikitoa "tik" zote kumi, ichukue.